Jilipe Mshahara: Mwongozo wa Mama Mwenye Kazi, Biashara na Watoto Nairobi

Belo yangu ya kwanza, yaani furushi la nguo za mitumba za watoto, iliisha ndani ya mwezi mmoja. Nilikuwa nauza Jumamosi na Jumapili kando ya barabara pale Umoja, na Jumapili ya mwisho usiku nikamwaga noti zote kitandani nikazihesabu mara mbili kwa raha. Jumatatu nikanunua viatu vya shule vya kifungua mimba. Jumanne gesi ikaisha. Jumatano mamangu akapiga simu kutoka nyumbani kwamba mbuzi anaumwa, na mbuzi wa mamangu huumwa tarehe zile zile ninazokuwa na pesa. Ijumaa nilijikuta soko la Gikomba na shilingi 4,300 mkononi, nimesimama mbele ya belo ya 18,000.

Wateja nilikuwa nao na nguo zilikuwa zinatoka. Shida ni kwamba zile pesa hazikuwa na jina, na pesa isiyo na jina ndani ya nyumba yenye watoto ni ya yule anayelia kwanza.

Haya nayaandikia mwanamke aliye kama mimi: ana kazi ya mwezi, ana biashara ya pembeni, ana watoto, na hataki kuzeeka akiomba nauli. Mifano ni ya mitumba kwa kuwa ndiyo ninayoijua. Mwenye saluni, mwenye kibanda cha mboga au anayeoka keki atabadilisha majina ya vitu, hesabu itabaki ile ile. Hatua ya pili ndiyo ndefu, na ndiyo wengi huiruka.

Hatua ya 1: Ipe biashara mfuko wake

M-Pesa imekuwa nasi tangu Machi 2007, na wengi wetu tumeifanya kapu moja: mshahara humo, mauzo humo, pesa za chama cha kupokezana humo, michango ya matanga humo. Mwisho wa mwezi unaona tu kwamba pesa zilipita.

Leo kabla hujalala, piga *334# ufungue Pochi la Biashara. Huduma hiyo ilianzishwa kwa ajili ya sisi wadogo wadogo: namba ni ile ile yako, lakini pesa za mauzo zinakaa kando na zako. Kama una mtu anayekusaidia kuuza, chukua Till, yaani namba ya malipo ya biashara, kwa sababu mteja atalipa moja kwa moja na msaidizi wako hatagusa hata shilingi. Pesa taslimu tafutia pochi ya zipu, ya rangi tofauti kabisa na ile unayobebea nauli. Yangu ni ya kijani. Mwanangu mdogo anajua akiigusa ile ya kijani tutagombana.

Kutoka kwenye mfuko huo, pesa hutoka kwa majina manne tu: mzigo, gharama, mshahara wangu, akiba. Viatu vya shule havimo. Viatu vinanunuliwa na mshahara wako au na baba watoto.

Hilo jina la tatu ndilo wanawake hucheka nikiwaambia. "Nijilipe mimi mwenyewe? Biashara si yangu?" Ndiyo, jilipe. Tarehe 5 kila mwezi hamisha kutoka Pochi kwenda kwako kiasi kile kile, kisha usiguse tena hadi tarehe 5 nyingine. Nilianza na 1,500 kwa mwezi, pesa ya kuchekesha. Lakini kuanzia siku hiyo nyumba ikajua mama analeta kiasi gani kutoka biashara, na mimi nikajua biashara inaweza kubeba nini. Ikishindwa kukulipa hata 1,500, ni heri uambiwe mapema.

Hatua ya 2: Hesabu upya, na wewe mwenyewe ukiwemo

Chukua daftari. Hesabu ya mdomo ina tabia ya kusahau yale yasiyopendeza. Hii hapa belo yangu ile ya kwanza, nguo mchanganyiko za watoto, kilo 45. Ndani mlikuwa na vipande 260. Wasioijua lugha ya Gikomba: kamera ni zile safi kabisa za kwanza kuchaguliwa, na fagia ni zile za mwisho, unazouza kama unafagia kweli.

Mauzo yalikuwa hivi:
Kamera 40 kwa 200: 8,000
Za kati 120 kwa 100: 12,000
Za chini 70 kwa 50: 3,500
Fagia 30 kwa 20: 600
Jumla: 24,100

Hapo ndipo nilipokuwa nikiishia. Natoa 18,000 ya belo, nabaki na 6,100, nashukuru Mungu. Dada mmoja wa chama chetu, karani wa hesabu kwa kazi yake, akaniuliza swali moja: "Na uliibebaje hiyo belo mpaka Umoja, kwa miujiza?" Tukaketi tukaandika:

Belo: 18,000
Mkokoteni: 200
Nauli: 300
Ada ya kanjo (kaunti), siku 8 kwa 50: 400
Mifuko ya kubebea: 300
Makato ya M-Pesa: 150
Chakula changu cha mchana, siku 8 kwa 150: 1,200
Jirani aliyekaa na watoto, Jumamosi 4 kwa 300: 1,200
Jumla: 21,750

Faida: 2,350. Nilisimama pale siku 8, saa 5 kila siku, yaani saa 40. Gawanya. Kila saa ya jua na vumbi, mbali na watoto wangu, ilinilipa chini ya shilingi 59.

Nilinyamaza kidogo. Kisha nikakasirika, na hasira ile imenifaa kuliko semina zote nilizowahi kuhudhuria.

Wewe nawe fanya hivyo kwa mzigo wako wa mwisho. Andika kila kitu, hata chai. Mlezi wa mtoto mwandike hata kama ni shosho, bibi yake, anayekaa naye bure, kwa sababu shosho akiugua utalipa. Saa ziandike zote: za kuuza, za kwenda sokoni, za kufua na kupiga pasi, za kujibu ujumbe wa mtu anayeuliza bei saa 5 usiku halafu asinunue. Ukigawanya utapata bei ya saa yako moja, na namba hiyo ndiyo itakayokuambia uache nini.

Mimi niliacha belo. Sasa naingia Gikomba alfajiri, mara moja kila baada ya wiki mbili, nachagua kamera tu, kipande kwa kipande. Mwanzoni vipande 30 kwa wastani wa 90 vilikuwa 2,700. Nauli 300, mifuko 60, makato 40. Nauza kwa 200, na kwa kawaida 26 hutoka haraka, nne zinangoja. Mauzo 5,200, faida 2,100. Saa ninazotumia ni kama 10: nne za soko, sita za kupiga picha, kujibu na kufunga mizigo. Saa moja inanilipa 210. Tena siku hizi mauzo yanafanyika kwenye simu nikiwa nyumbani, mtoto yuko mgongoni.

Kwa anayetaka kujaribu njia hiyo: kabla hujalipa, geuza nguo ndani nje, angalia kwapa na magoti, hesabu vifungo, vuta zipu mpaka mwisho. Usiangalie ukosi tu, kwani muuzaji mjanja huikunja nguo ili uone ukosi. Picha piga asubuhi karibu na dirisha. Mimi hutundika nguo kwenye grili ya mlango, kwa sababu taa ya usiku hugeuza pinki kuwa rangi ya machungwa na mteja atairudisha. Usitegemee lebo ya umri pia. Nguo iliyoandikwa miaka mitatu inaweza kumkaa wa miaka miwili au wa mitano. Pima urefu na kifua kwa futi ya fundi, uandike sentimita. Tangu nianze kuandika sentimita, marejesho yamekuwa machache mno.

Tena usilaze mzigo wote sokoni. Gikomba imeungua mara nyingi, na moto wa Juni 2018 uliua watu 15. Waliokuwa wameweka kila kitu stoo moja walianza upya kutoka sifuri.

Hatua ya 3: Anayekaa na mtoto wako ni gharama ya biashara

Wanawake wa Nairobi hufanya kazi kwa mgongo wa mwanamke mwingine. Tuseme hivyo waziwazi. Nikitoka saa 12 asubuhi, kuna dada wa kazi aliyeamka saa 11.

Kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani jijini kilipandishwa Novemba 2024 kikafika shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Najua wengi hamlipi hivyo. Nami kuna wakati sikulipa. Lakini ukikaa na daftari la hatua ya pili ukaona kwamba faida yako inapatikana tu kwa sababu dada analipwa nusu ya haki yake, jua kwamba biashara hiyo haina faida. Ama ipandishe bei, ama punguza siku zake, umtafutie kibarua cha siku tatu kwa malipo kamili badala ya siku saba kwa malipo ya kuaibisha.

Njia nyingine ni deikea ya mtaani, mahali pa kulelea watoto mchana. Zipo kila kona, kuanzia Kayole hadi Kawangware. Usiende saa ya kupeleka watoto, hapo kila mtu anatabasamu. Nenda saa 8 mchana bila kupiga simu. Hesabu watoto, kisha hesabu watu wazima. Angalia kama dirisha linafunguka. Angalia jiko liko wapi: jiko la makaa ndani ya chumba walicholala watoto ni sababu tosha ya kugeuza njia, kwa maana moshi ule usioonekana huua kimyakimya. Niliwahi kumtoa mwanangu sehemu moja kwa sababu hiyo, na mwenyewe aliniona nina madharau.

Anayelea peke yake asibebe mzigo wa baba kana kwamba ni wake kwa asili. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili, wawe wameoana au la. Ofisi ya watoto ya kaunti ndogo hukusikiliza bila wakili. Wengi humaliza hapo hapo kwa makubaliano ya maandishi, bila kufika kortini. Nenda na risiti za karo na za hospitali. Machozi peke yake hayatoshi pale.

Hatua ya 4: Panga saa kama unavyopanga pesa

Hapa sitakawia. Hakuna usawa wa kila siku. Kuna usawa wa wiki. Wiki yangu ina jioni mbili za biashara, Jumanne na Alhamisi, saa 2 usiku hadi saa 4, watoto wakishalala. Jumamosi moja ni ya soko, inayofuata ni ya watoto, simu ikiwa droo. Wateja wameandikiwa saa za kazi kwenye status, na la kushangaza ni kwamba wamezizoea.

Safari za kupeleka mizigo ndizo zinazokula mama. Mtu wa Pipeline anataka umpelekee, wa Githurai anataka umpelekee, na Jogoo Road imesimama. Chagua mahali pawili pa kukutana na wateja, panapokuwa njiani mwako kwenda kazini, au mtumie kwa bodaboda na nauli ailipe yeye. Anayekataa kulipa 150 ya kutumiwa nguo ya 200 hakuwa mteja wako.

Usiuzie biashara yako kwenye saa za mwajiri. Soma barua yako ya ajira, kwani nyingi zina kipengele kuhusu kazi nyingine. Mimi niko dawati la mapokezi kwenye kampuni moja Eneo la Viwandani, na mkubwa wangu anajua nauza nguo kwa kuwa nilimwambia mwenyewe kabla hajaambiwa na mtu. Mkewe sasa ni mteja.

Hatua ya 5: Keti na mume, na karatasi ziwe na jina lako

Usimwekee mume wako biashara kama siri. Siri ya pesa ikifichuka haiulizwi kama pesa, inaulizwa kama uzinzi. Lakini kueleza si kukabidhi. Mwambie biashara inakulipa kiasi gani kwa mwezi, na kiasi hicho kitabeba nini nyumbani. Kwetu mshahara wangu wa biashara unalipa dada wa kazi na nauli ya shule. Kodi ya nyumba ni yake. Tuliandika kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati, kwa sababu mazungumzo ya mdomo kwenye ndoa yana matoleo mawili.

Chunga ule mchezo wa polepole: mama akianza kupata, baba anaanza kupunguza. Mwezi wa kwanza anasahau tokeni za stima. Wa pili anasema karo ya muhula huu "tusaidiane". Kufikia wa sita, biashara yako imekuwa ndiyo mume. Karatasi ya kabatini inasaidia sana hapo, kwa sababu unaionyesha kwa kidole bila kupaza sauti.

Kuhusu mali: Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema mali hugawanywa kulingana na mchango wa kila mmoja, na mchango huo unajumuisha kazi za nyumbani, kulea watoto na kusimamia mali, hata kama hukutoa shilingi. Ila Januari 2023 Mahakama ya Juu ilifafanua kwamba kuolewa peke yake hakukupi nusu kwa nusu moja kwa moja. Lazima mchango uonyeshwe. Kwa hiyo weka risiti. Ulichangia ploti? Tuma kwa M-Pesa au benki na uandike sababu, usitoe noti mkononi. Ulinunua mabati ya nyumba ya shamba? Risiti iandikwe jina lako. Simwombei mtu ndoa ivunjike. Hata kifo huja, na shemeji wengine huja nacho wakiwa na lori.

Hatua ya 6: Siku za mkopo zilingane na siku za mzigo

Kosa kubwa ninaloliona si riba. Mama anakopa pesa za siku 14 kununua mzigo unaouzika kwa siku 30. Siku ya 14 inafika mzigo uko nusu, anakopa kwingine kulipa pale, na mwezi unaofuata simu yake ina programu tano za mikopo zinazompigia hadi mama mkwe.

Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali uliozinduliwa 30 Novemba 2022, ina riba ya 8% kwa mwaka. Ukichukua 10,000 kwa siku 14, riba ni kama shilingi 31. Ni nafuu mno. Ila 5%, yaani 500, inawekwa akiba kwa jina lako, kwa hiyo panga ukijua utakayopata ni 9,500. Na siku ni 14. Inamfaa mama mboga anayezungusha pesa kila siku kutoka Marikiti. Haimfai mwenye belo. Linganisha na M-Shwari, mkopo wa simu ulioanza Novemba 2012: kwa miaka mingi ada yake ilikuwa 7.5% kwa siku 30, yaani 750 kwa kila 10,000. Ukikopa hivyo kila mwezi, mwaka unaisha umelipa 9,000 na 10,000 yenyewe bado ni deni. Fuliza nayo, ule mkopo wa M-Pesa salio lisipotosha, ni ya kukuvusha jioni moja ukiwa umekwama stejini. Kuijengea biashara ni kama kupikia kwa kiberiti.

Mzigo wa mwezi na zaidi, nenda Sacco, yaani ushirika wa akiba na mikopo. Nyingi hukukopesha hadi mara tatu ya akiba yako na riba huzunguka 1% kwa mwezi kwa deni linalobaki. Ubaya ni kwamba lazima uweke akiba kwanza na upate wadhamini. Ndiyo maana anza kuweka mwaka huu kwa ajili ya mkopo wa mwaka ujao. Kabla ya kutoa shilingi, hakikisha Sacco inayopokea akiba kama benki ina leseni ya SASRA, mamlaka inayozisimamia.

Wenye kikundi kilichosajiliwa wana mlango wa Women Enterprise Fund, hazina ya serikali iliyoanza 2007, inayokopesha vikundi vya wanawake bila kudai hati ya shamba. Dhamana hapo ni ninyi kwa ninyi, kwa hiyo mchujo wa nani aingie kikundini ufanyeni kwa jicho kavu. Anayechelewesha 200 ya chama atachelewesha 20,000. Kuna pia wakopeshaji wa vikundi wanaoandika vitu vya nyumbani kama dhamana: friji, runinga, makochi. Niliwaona wakija kubeba kwa jirani, saa 4 asubuhi, watoto wakitazama. Soma fomu yote, hata maandishi madogo, kisha mwulize afisa akuonyeshe kwa kidole ni kitu gani kitabebwa.

Chama cha kupokezana nacho kina hesabu yake. Usikubali zamu yako ipangwe kwa kura kama unaweza kujadiliana. Mwenye watoto shuleni aombe Desemba. Shule hufunguliwa Januari, na Njaanuari ya Nairobi haina huruma kwa mtu: kodi, sare, vitabu, na wateja wako wenyewe hawana kitu. Pesa ya chama ikikufikia Desemba tarehe 20, peleka karo kwa Paybill ya shule siku hiyo hiyo, kabla shemeji hawajafika kwa Krismasi.

Hatua ya 7: Karatasi za serikali, kwa ufupi

Jina la biashara linasajiliwa kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Ukiwa na duka au kibanda cha kudumu, leseni ni ya kaunti, na Nairobi siku hizi inatoa kibali kimoja kilichounganisha ada mbalimbali. Mwenye chakula anahitaji pia cheti cha afya.

KRA, mamlaka ya kodi: mauzo yako ya mwaka yakizidi 1,000,000 na yasizidi 25,000,000, kuna kodi ya mauzo ya 3%, inayolipwa kila mwezi kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Zingatia, ni 3% ya mauzo, si ya faida. Milioni inasikika mbali, lakini ni kama 83,000 kwa mwezi, na saluni yenye viti vitatu hufika huko. Ukiwa chini ya hapo bado una PIN, namba yako ya mlipakodi, na mwenye PIN anajaza ritani kabla ya Juni 30. Faini ya kuchelewa kwa mtu binafsi huanzia 2,000. Nimeilipa, kwa uvivu tu.

Kuna pia zile zabuni za serikali, 30% zilizotengewa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Jisajili, kwa nini usijisajili. Lakini usiwahi kutumia pesa za karo kununulia bidhaa za zabuni. Malipo ya serikali yana mwendo wake.

Hatua ya 8: Kuacha kazi, lini

Kila mtu ananiuliza hili, na jibu langu huwaudhi. Usiache kazi kwa sababu umechoka na bosi. Acha biashara ikulipe, kwa ule mshahara wa tarehe 5, kiasi sawa na unachopeleka nyumbani kutoka kazini, miezi sita mfululizo, na Januari iwe mmoja wao. Miezi sita ya Julai hadi Desemba haihesabiki. Desemba kila mtu ni mfanyabiashara.

Kisha ongeza vile ambavyo payslipu hukulipia bila wewe kuhisi. Mwajiri huchangia NSSF, mfuko wa pensheni, 6% juu ya 6% yako. Ukitoka, unachangia peke yako. SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hukatwa 2.75% ya mshahara. Ukijiajiri, mchango hupimwa kwa mapato ya nyumba, si chini ya 300 kwa mwezi, na kawaida unalipa mwaka mzima kwa mkupuo, kwa hiyo tayarisha angalau 3,600. Na kama bado unazaa, kumbuka kwamba Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama aliyeajiriwa miezi mitatu ya likizo kwa mshahara kamili. Biashara yako haina sheria hiyo. Likizo hiyo utajilipa mwenyewe, kwa hiyo iweke akiba kabla ya mimba, mshahara wako mara tatu, kwenye akaunti isiyo na kadi.

Mimi bado naamkia kazini. Mshahara wangu wa biashara ulitoka 1,500 ukafika 9,000, ukakwama hapo muda mrefu, kisha nikaongeza sare za shule za mitumba, sweta hasa, ndipo ukaanza kupanda tena. Tangu Septemba unalingana na ule wa ofisini. Hiyo ni miezi minne. Pochi ya kijani iko juu ya kabati, sweta 60 za rangi ya maruni ziko kwenye gunia chini ya kitanda, na wiki ijayo ni Januari.